Ndani ya Moyo wa Mzee Kiula

Mara ya kwanza kuingia ndani ya moyo wa mtu, nilivua kandambili.

Walinicheka. Dokta Anastela Shila, mkuu wa kituo chetu, alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Mama Zefa, hii ni picha ya mwanga tu. Vaa viatu vyako, sakafu ina baridi." Nikamjibu, dokta, wewe umesoma, lakini na mimi nimefundwa. Nyumba ya mtu haiingiwi hivi hivi, sembuse moyo wake. Nikaziacha mlangoni, nikapiga hodi. Mwenye moyo, Mzee Elisante Kiula, alikuwa amekaa pembeni mwa ukumbi kwenye kiti cha mgongo mrefu, shuka begani, bakuli tupu mapajani. Akaitikia kwa sauti yake ya mchimba visima: "Karibu ndani, mama! Pita tu, humo hakuna mbwa!"

Nikapita. Jamani, nisikilizeni. Nina miaka hamsini na miwili. Nimeona radi ikipasua mti, nimeshuhudia watoto wa dada zangu wakizaliwa, lakini kitu kama kile sijapata kukiona. Kuta nyekundu zilipanda juu kuliko paa la kanisa. Zikaja ndani zote kwa pamoja, taratibu, kama vile nyumba nzima imevuta pumzi, zikarudi. Zikaja tena. Juu kabisa kulikuwa na milango miwili myembamba kama utando wa maziwa, imeshikwa kwa nyuzi nyeupe kutoka chini, na kila ilipojifunga palitoka kishindo ambacho sikukisikia masikioni. Nilikisikia magotini. Damu ilipita huku na huku kwa nuru, ikanipita na mimi mwilini bila kunigusa. Nikakaa chini.

"Miaka sabini na moja huo," mzee akasema kutoka kwenye kiti chake. "Haujalala hata dakika moja. Mimi nimelala mpaka kanisani."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Asubuhi mgonjwa ananyweshwa kijiko kimoja cha maji ya kijivu. Ndani yake mna vimulimuli. Ndivyo tulivyoviita, kwa sababu jina lake la kitaalamu linavunja ulimi. Ni vyombo vidogo mno, mamilioni, vinaingia kwenye damu na kuzunguka nayo. Kila kimoja kinatuma habari: niko hapa, nimegusa hiki. Ukumbi unazikusanya habari hizo na kuzigeuza mwanga, kwa hiyo kinachotokea kifuani mwa mtu kinatokea pale pale mbele ya macho yako, kimekuzwa hadi unaweza kusimama wima ndani ya mshipa. Na kila kitu kina rangi yake. Mafuta ni manjano. Chumvi ni nyeupe. Kile kitu kinachotoka kwenye majani mabichi ni kijani.

Mimi si daktari. Mimi ni mpishi. Nilipika shule ya sekondari kwa miaka ishirini, maharage na ugali, ugali na maharage, mpaka Dokta Anastela alipokuja kuniomba niende kituoni kwake huku juu ya mteremko wa Sekenke, nikafungue jiko. Si jiko la kushibisha, alisema, ni jiko la moyo. Chakula cha kwetu kilekile: mtama, uwele, kunde, mchicha, karanga, samaki wa ziwani. Kinapikwa kwa kipimo cha kila mgonjwa, na halafu tunaingia ndani kuona kimefanya nini. "Dawa hatuachi," aliwaambia wagonjwa kila Jumatatu. "Atakayeacha vidonge vyake kwa sababu ya mchicha wa Mama Zefa, namfukuza mwenyewe. Jiko ni msaidizi wa dawa, si mke mwenza wake."

Siku ile mzee alikuwa amekula mchicha wangu, bakuli zima, nusu saa kabla. Dokta akanishika mkono akanipeleka pembeni, kwenye mshipa unaoulisha moyo wenyewe. Mshipa ulikuwa umekakamaa, mwembamba, damu inapita kwa kusukumana. Tukasubiri. Kikaja kijani. Kwanza nukta moja moja, halafu nyingi, zikatua ukutani, na ukuta ule ukalegea. Nimeuona kwa macho yangu! Ulilegea kama mzee anayelegeza mkanda baada ya pilau. Damu ikapata nafasi, ikashuka kwa raha, na nyama ya moyo upande ule ikabadilika rangi kutoka kahawia kuwa nyekundu.

"Hiyo ni wewe," dokta akaninong'oneza. "Hiyo ni sufuria yako."

Nililia kama mtoto. Miaka ishirini nilipika nikijua chakula kinakwenda tumboni, basi, yameisha. Kumbe nilikuwa naingia kwenye mioyo ya watu bila hodi.

*

Miaka miwili ikapita. Wagonjwa arobaini na wawili wakawa wanakula kwangu, wengi wao presha zimeshuka, dokta kawapunguzia vidonge. Na mimi, sitawaficha, kichwa kikavimba. Mgeni akifika kituoni nilikuwa namwambia kabla hajaketi: kwenye jiko hili haijawahi kuingia chumvi hata punje. Njoo uonje, utafute chumvi, ukiipata mimi narudi shule kupika makande.

Lakini Mzee Kiula alikuwa mpenzi wangu wa kwanza. Msinielewe vibaya, mke wake yupo hai na nitamtaja. Nasema hivyo kwa sababu mpishi humpenda anayeomba aongezwe. Mzee alipenda mlenda. Alianza nao kabla ya ugali, bakuli zima, anaunywa kama uji, kisha anatoa sauti: "Mama Zefa! Huyu mwenzangu hajashiba!" huku akigonga kifua. Namwongeza. Mchana na jioni.

Moyo wake ulikuwa na sehemu iliyokufa, upana wa kiganja cha mtoto, kumbukumbu ya shambulio la zamani. Mchicha haufufui nyama iliyokufa, hata dokta hafufui. Ila kituo kilikuwa na jambo jipya: mche. Walichukua ngozi ya mkono wa mzee, kidogo tu, wakailea ndani ya chupa kwa miezi minne mpaka ikageuka nyama ya moyo. Nilipelekwa kuuona. Kipande kama ukucha wa kidole gumba, kiko peke yake kwenye maji ya waridi, na kinapiga. Tuk. Tuk. Hakina mwili, hakina mtu, hakijaambiwa na yeyote, na kinapiga. Nilijikuta nakisalimia shikamoo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, ila mimi ya Firauni niliyaonea kwenye chupa.

Mche ukishakomaa unaishi siku kumi na nne. Ndani ya siku hizo lazima upandwe, na moyo unaoupokea lazima uwe mkavu siku tatu mfululizo. Mkavu maana yake haujavimba maji. Moyo uliojaa maji haushiki mche, unateleza na kufa.

Na moyo wa mzee ulikuwa umejaa maji. Miguu yake ilianza kuvimba, kandambili haziingii. Alilala ameketi ili apate pumzi. Dokta akamwingiza ukumbini, tukaona: weupe. Chumvi ilikuwa imetapakaa ukutani mwa moyo kama unga uliomwagika, na popote chumvi ilipo, maji huifuata.

"Mzee anakula chumvi," dokta akasema. "Mama Zefa, nani anamletea?"

Nikajibu papo hapo. Mungu anisamehe, sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Angalieni kikapu cha mkewe."

Mkewe ni Bibi Eliwaza. Mwanamke mkimya, anatoka kijijini kila Jumapili baada ya ibada na kikapu kilichofunikwa kitambaa. Walimkagua getini mbele ya watu. Wakakuta samaki mkavu wa chumvi, mkubwa, amefungwa vizuri kwenye gazeti. Bibi akasema, "Huyo si wa mume wangu. Ni zawadi ya Mama Zefa. Ananipikia mzee wangu miaka miwili, sijawahi kumshika mkono."

Wakaniita. Nikasema, "Mimi sijaagiza samaki."

Na kweli sikuwa nimeagiza. Bibi Eliwaza akaniangalia, akafunga kikapu chake, na tangu siku ile akapigwa marufuku kuingia kituoni.

*

Mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa afike siku ya tisa ya mche, saa sita mchana. Huyo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya mambo mawili: jiko letu lifunguliwe katika wilaya kumi nyingine, au la; na Mzee Kiula abaki kwenye orodha ya mche, au aondolewe.

Saa nne asubuhi Dokta Anastela aliniita ukumbini. Alitaka nitoe ushahidi kwamba jiko ni safi, kwa hiyo akanionyesha kumbukumbu za mwezi mzima. Ukumbi unakumbuka kila kitu. Ukitaka, unakurudishia moyo wa juzi na wa wiki jana, siku baada ya siku, kama mtu anayefunua kurasa. Nikasimama ndani ya moyo wa mzee, siku zikaanza kupita. Asubuhi: wekundu, safi. Mchana: weupe. Jioni: weupe. Asubuhi, safi. Mchana, weupe.

"Unaona?" dokta akasema. "Hata baada ya mkewe kuzuiwa. Kuna mtu mwingine anayemletea."

Ikapita siku moja nzima bila weupe. Mchana safi, jioni safi.

"Hiyo siku gani?" nikauliza.

"Jumapili."

Zikapita sita. Safi nyingine. Jumapili tena. Jumapili nne, zote safi kama maji ya kunywa.

Nikaanza kuhesabu vidoleni. Bibi Eliwaza alikuwa anakuja Jumapili tu. Kama angekuwa anampa mumewe chumvi, Jumapili ingekuwa siku chafu kuliko zote. Basi kuna nini Jumapili kisichokuwepo siku nyingine? Jumapili napika samaki wa kuchemsha na kunde. Siku nyingine zote, mchana na jioni, napika mlenda.

Nikatoka ndani ya moyo nikakimbia jikoni. Sufuria ya mlenda ilikuwa motoni, nimeiinjika mwenyewe saa moja iliyopita. Pembeni yake, kwenye kona iliyopo katika kila jiko la kwetu, kilisimama kibuyu cha maji ya magadi. Kila asubuhi nayaloweka mapande yaliyotoka upande wa ziwa Eyasi, nayaacha yatuame, nayachuja, na yale maji maangavu nayatia kwenye mlenda. Bila hayo mlenda hauvutiki. Mama yangu alifanya hivyo, bibi yangu alifanya hivyo. Mkono wangu ulikuwa unafanya kila siku huku mdomo wangu ukiwaambia wageni hakuna chumvi hata punje.

Dokta alikuwa amenifuata. Nikamwonyesha kibuyu kwa kidole.

Akakitazama. Kisha akaketi juu ya gunia la mtama. "Sodiamu," akasema. "Kile kilichomo kwenye chumvi, kimo na kwenye magadi. Vimulimuli havijui jina la kitu, vinajua kilichomo. Mama Zefa, uliyaandika magadi kwenye daftari la jiko?"

"Dokta, nani anaandika magadi? Unaandika maji? Unaandika moto?"

"Na mimi," akasema, akaanza kucheka kicheko kibaya, "mimi mwenyewe nimekula mlenda huo miaka miwili nikausifia. Nimezaliwa hapa. Nimesoma figo miaka minne mizima. Na sikuuliza."

Wagonjwa wengine figo zao zilimudu kuyatoa. Za mzee zimechoka, na isitoshe yeye alikula mara mbili ya wenzake. Nani alimwongeza? Mimi.

"Twende tukamwambie mkaguzi," nikasema.

Dokta akafunga mlango wa jiko. "Kaa chini kwanza. Unajua sheria: kisichoandikwa hakiingii sufuriani. Tukisema, matokeo ya miaka miwili yote yanakuwa batili. Jiko linafungwa leo leo. Hao arobaini na mmoja wanarudi kula nini? Chipsi za barabarani? Na wilaya kumi, Mama Zefa. Watu elfu ngapi hao? Kesho tunaacha magadi kimya kimya, hakuna atakayejua. Sasa usimwage mtama kwenye kuku wengi."

"Na mzee?"

"Ataondolewa kwenye orodha. Mwakani tunamwombea tena, tunaotesha mche mwingine."

"Ataufikia huo mwaka?"

Dokta Anastela ni mtu mwema. Nataka mjue hilo. Ndiyo maana aliufungua tena ule mlango.

*

Mkaguzi aliitwa Bwana Shomvi, mtu wa pwani, mpole, kanzu nyeupe na miwani. Tulimwingiza ukumbini, moyo wa mzee ukapiga kutuzunguka, na yeye naye akavua viatu bila kuambiwa na mtu. Nikampenda hapo hapo, na ikazidi kuwa ngumu. Akatembea ndani yake. Akasimama chini ya ile milango miwili akaitazama ikifunga na kufungua, midomo yake ikitaja jina la Mungu. Dokta akamwonyesha kijani kikilegeza mishipa. "Subhanallah," akasema. "Na hiki ni chakula? Chakula tu?"

"Chakula na dawa zake," dokta akasema.

"Wilaya kumi ni chache," Bwana Shomvi akasema.

Moyo wangu mimi uliruka. Nilitamani hilo kuliko kitu chochote. Niliona majiko kumi, na akina mama kumi kama mimi wakiingia mahali hapa kwa mara ya kwanza. Halafu akafungua karatasi zake, sauti ikashuka. "Sasa huyu mgonjwa namba saba. Moyo umejaa maji, chumvi inaonekana, na mke alikamatwa na samaki. Asiyetunza masharti hapewi mche. Sipendi, lakini naandika: jina liondolewe, mche uteketezwe."

Mzee Kiula alikuwa kitini, anavuta pumzi kwa shida. Hakupiga kelele. "Bwana mkubwa," akasema, "mimi nimechimba visima miaka arobaini. Sijawahi kumdanganya mtu kuhusu maji. Chumvi sijala. Na mke wangu mwacheni, andikeni ni mimi."

Andikeni ni mimi. Alikuwa tayari kufa akiitwa mwongo ili mkewe asiitwe.

Nikaenda jikoni. Dokta aliniona nikitoka, hakunizuia. Nikarudi na kibuyu. Karibu na mlango wa ukumbi kuna sinia la kioo la kupimia vyakula vilivyoandikwa daftarini. Ukiweka chochote pale, vimulimuli vilivyomo huonyesha rangi yake ukumbini. Nikaweka kikombe kimoja cha maji yale maangavu.

Ukumbi wote ukawa mweupe. Kuta, milango, nyuzi, vyote vikapotea. Watu walijifunika macho. Hata moyo ulionekana kusimama, ingawa ulikuwa unaendelea; tulishindwa tu kuuona. Tulisimama ndani ya weupe ule kama watu waliofukiwa kwenye unga, na katikati yake nikasikia sauti ya Bwana Shomvi: "Hicho ni nini, mama?"

"Magadi."

"Magadi ndiyo nini?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote, tangu mapande ya Eyasi hadi bakuli la pili la mzee. Nikamwambia Jumapili nne. Nikamwambia, "Yule samaki alikuwa wangu. Bibi alisema ni zawadi yangu na ni kweli, kwetu mtu akikulishia mumeo unamshika mkono. Nilijua desturi hiyo, na bado nikamkana mbele ya watu. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana. Mimi nilikitafuta kwenye kikapu cha mwenzangu."

Weupe ukaanza kupungua, moyo ukarudi kidogo kidogo. Bwana Shomvi alikuwa amevua miwani, anaifuta.

"Jiko linafungwa leo," akasema hatimaye. "Matokeo yote yatapitiwa upya. Za wilaya, tusizizungumze. Mama, samahani, vua aproni." Nikaivua. "Na mche usiguswe. Zimebaki siku tano. Dokta, unaweza kumkausha?"

"Nitajaribu," Dokta Anastela akasema. Alikuwa analia, na sikujua analilia lipi kati ya yale mawili.

Mzee Kiula akaniita kitini kwake. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimeandaa shingo. Akanivuta sikio chini. "Mama Zefa," akasema, "kwa hiyo mlenda basi?"

*

Sikuruhusiwa kukanyaga kituo siku nne zile. Nilikaa nyumbani, umbali wa kupiga kelele, nikifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Majirani walipita wakinisalimia kwa haraka. Habari nilizipata vipande vipande: dokta amempa mzee dawa za kutoa maji, Bibi Eliwaza ameruhusiwa kuingia na ndiye anayempikia, kila punje inaandikwa, amempikia mlenda bila magadi, na mzee amesema ni sawa na kutafuna paa la nyumba, lakini amekula. Siku ya kwanza weupe umeondoka, maji yako pale pale. Siku ya pili, jioni, mkavu. Ya tatu, mkavu. Ya nne, mkavu.

Siku ya tano, siku ya mwisho ya mche, saa tatu asubuhi nilikuwa naanika. Nikageuka, Bibi Eliwaza amesimama uani kwangu. Nikapiga magoti pale pale kwenye matope ya maji ya kufulia. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku nne, yote yakakimbia.

"Ulisema hukuagiza samaki," akasema.

"Nilisema."

"Sijakusamehe bado."

"Ndiyo, mama."

"Nitakusamehe siku yangu. Sasa inuka, wanaupanda. Siwezi kuingia humo ndani peke yangu. Naogopa."

Tukaenda. Dokta alituona mlangoni, akageuza uso kama hajatuona. Mzee alikuwa amelazwa pembeni, macho wazi, mrija mwembamba kama uzi umepitishwa kwenye mshipa wa paja. Hawakumpasua. Bibi Eliwaza akavua viatu, mimi nikavua, tukashikana mikono, tukaingia.

Kuta zilikuwa nyekundu tupu. Hapakuwa na unga hata chembe. Lakini upande wa kushoto, pale palipokufa, palikuwa kimya. Ukuta wote unacheza, hapo pamesimama, pa kijivu, kama mtu asiyecheza ngoma kati ya wanaocheza. Uzi ukatokea kwa juu, ukateremka polepole, ncha yake imebeba kile kipande. Kilikuwa kikubwa kama mkeka sasa, kwa ukumbi ule. Na kilikuwa kinapiga. Tuk. Tuk. Lakini kivyake, mwendo wake wa chupani, haraka kidogo kuliko moyo wa mzee.

Kikatua. Uzi ukakiachia.

Moyo ukapiga, kikakosa. Kikapiga chenyewe, moyo umeshapita. Vikapishana, vikapishana tena, kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake. Nilihesabu thelathini, arobaini, nikapoteza hesabu. Bibi alikuwa ananibana vidole mpaka vinauma. Kisha kile kipande kikasita. Kikanyamaza kabisa. Nikafumba macho, nikasema moyoni, Mungu wangu, nimemuua.

"Tazama," Bibi Eliwaza akasema.

Nikafumbua. Moyo ukapiga, na kipande kikapiga. Pamoja. Ukapiga tena, pamoja. Wimbi jekundu likatoka juu, likateremka ukutani, na lilipofika pale mahali pa kijivu ambapo kwa miaka tisa lilikuwa linakwamia, halikukwama. Likapita. Likapita juu ya mche likaendelea hadi chini, na nyumba nzima, kwa mara ya kwanza, ikavuta pumzi bila kuchechemea. Nilikisikia kile kishindo magotini, kizito, kimekamilika. Kitu kilichokuwa ngozi ya mkono wa mtu kilikuwa kinasukuma damu yake. Nimejaribu kulisimulia jambo hilo kanisani nikashindwa, na hapa pia nashindwa.

"Nyie mlio ndani!" Mzee Kiula akaita kutoka kitandani. "Mbona kimya? Kuna nini humo?"

"Mjibu wewe," Bibi Eliwaza akaniambia, machozi yanamtiririka hadi shingoni. "Mimi siwezi."

Nikafungua mdomo. Haikutoka sauti.

Tukasikia mzee akicheka taratibu, na kuta zote zikatetemeka kwa kicheko chake. "Haya basi," akasema, "kaeni humo humo. Mkishiba mtatoka."